Shibaraku ya Mjomba Gaspari

Habari za kifo cha Mjomba Gaspari zilinikuta nikichambua mchele. Aliyepiga simu ni mdogo wangu Upendo, na kwa kuwa Upendo hujibu kwa Kiingereza hata ukimwita kwa Kiswahili, alinipa habari kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: amefariki asubuhi hii, kwenye kiti chake, kule kwenye makao ya wazee Mississauga, na alikuwa ameshavaa. Nikamuuliza, amevaa nini? Akasema, suti, dada. Ile ya kijivu, na tai. Leo ni Jumapili. Nikamshukuru kwa kunijulisha, nikakata simu, nikarudi kwenye ungo wangu. Hapa Toronto mchele unauzwa umeshasafishwa, hauna jiwe wala chuya, lakini mimi huuchambua vilevile, maana mikono ikikosa kazi kichwa hujitafutia ya kwake. Siku hiyo niliuchambua mara mbili. Sikulia. Nilichohisi, na sina sababu ya kukificha, kilifanana na kile anachohisi mtu aliyekula akashiba, akabaki anaitazama sahani.

Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyesoma darasa moja na marehemu baba, na ugenini hilo linatosha kumpa mtu cheo cha mjomba. Kwa miezi kumi na minne ya mwisho ya maisha yake alikuwa akiniita. Kila Jumapili alimtuma Upendo aniulize nitakuja lini kumwona, na kila Jumapili nilimrudishia neno moja tu, neno lisilo la Kiswahili wala la Kiingereza, ambalo yeye mwenyewe alinipa nilipokuwa na miaka kumi na minane. Shibaraku. Ni neno la Kijapani. Maana yake ni kitambo, lakini halisemi kama kitambo hicho ni kirefu au kifupi. Unaweza kumwambia mtu shibaraku ukarudi baada ya dakika tano, na unaweza kumwambia shibaraku akazeeka. Wapo waliosema nyuma ya mgongo wangu kwamba nina roho ngumu. Hao hawakuwapo mwaka ule.

Mwaka ule wazazi wetu walikuwa wameshaondoka wote wawili, na jambo hilo nitaliacha hapo hapo. Tulibaki watatu: mimi Salome, kifungua mimba, Tumaini, aliyekuwa na miaka kumi na minne, na Upendo, miaka sita. Shule nilikuwa nimeiacha majira ya kuchipua, imebaki miezi michache nimalize. Tulipanga chumba kimoja cha chini ya ardhi pale Mount Dennis, chenye dirisha moja refu na jembamba lililokuwa usawa wa njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo majirani zetu tuliwajua kwa viatu. Tumaini aliwapa majina. Kulikuwa na Bwana Kisigino, ambaye kiatu chake cha kushoto kililika upande; kulikuwa na Mama Maua, aliyevaa buti za mpira zenye maua hata siku za jua. Bomba la maji ya moto lilipita juu ya kitanda chetu, nasi tulianika soksi juu yake, na chumba kizima kilinuka soksi na vitunguu. Tulilala watatu kitanda kimoja, Upendo katikati. Nikikumbuka ile harufu leo, siikumbuki kama umaskini. Naikumbuka kama mara ya mwisho tulipokuwa kamili.

Mjomba Gaspari ndiye aliyenipa kazi. Kabla ya kuja Kanada alikuwa ameishi Japani miaka tisa, akinunua magari yaliyotumika na kuyapeleka Dar es Salaam, na alikijua Kijapani vya kutosha hata mwenye jiko moja la vyakula vya Kijapani akamfanya meneja. Lilikuwa jiko la kupika na kufungasha, si mgahawa. Tulijaza wali, samaki na mboga kwenye maboksi yenye vyumba vidogo vidogo, magari yakaja kuyachukua kuyapeleka kwenye ofisi za mjini. Mpishi mkuu alikuwa mama mfupi wa Kijapani aliyeitwa Sachiko, ambaye mimi nilimwita Bi Sachiko tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kumwita mwanamke aliyekuzidi umri. Siku hiyo ya kwanza mjomba alinikabidhi kwake, akaenda kupokea simu. Bi Sachiko akafunua sufuria kubwa la wali, mvuke ukampanda usoni, akalifunika tena, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akanitazama na kusema, "Shibaraku."

Mimi nilisikia: shiba haraka.

Na kwa kweli nilikuwa na njaa. Tangu mchana wa siku iliyotangulia sikuwa nimetia kitu mdomoni, maana mkate uliobaki niliwaachia wadogo zangu. Nikaona, Mungu mkubwa, mtu ananiangalia usoni mara moja na kuijua njaa yangu, na kwa Kiswahili. Nikachukua bakuli, nikafunua sufuria, nikapakua, nikala nimesimama, bila kitoweo, haraka kama nilivyoambiwa, ulimi ukiungua. Bi Sachiko alibaki ameinua mikono kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma bila dereva. Mjomba Gaspari aliporudi alisimama mlangoni.

"We Salome! Unafanya nini?"

"Nakula, mjomba."

"Nani kakwambia ule? Huo wali haujatulia!"

"Bi Sachiko. Ameniambia nishibe haraka."

Alicheka mpaka akashika meza. Akanieleza kuwa shibaraku ni "subiri kidogo," au "subiri sana," inategemea. Akamweleza na Bi Sachiko nilivyosikia, huku bado anacheka, lakini Bi Sachiko hakucheka. Aliuliza swali fupi, akajibiwa, akanitazama tena. Kisha alichukua bakuli langu, akalijaza, akaweka juu yake kipande cha samaki na figili ya siki, akavuta stuli kwa mguu wake, akanionyesha nikae. "Shiba haraka," akasema, kwa lafudhi yake, akitenga kila silabi. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi saa nne, kabla maboksi hayajaanza kupangwa, aliniita kwa maneno hayo mbele ya watu wote, nami nilikwenda kula. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo. Hakuna mwingine aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kunilisha.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha ile shibaraku nyingine, ya wali. Wali ukiiva haufunuliwi. Unafunikwa na kuachwa ujitulize. Nikamuuliza muda gani, nikimwonyesha saa ya ukutani. Akatikisa kichwa, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kifuniko chini ya mkono wake. Tukasimama hivyo. Kwa Kiingereza chake kilichokuwa kibovu kama changu alisema kitu ambacho nikikigeuza kinakuwa hivi: anayesema shibaraku haondoki. Nilidhani anazungumzia wali tu.

Mwezi wa pili wa kazi alikuja Bi Maureen, afisa wa ustawi wa watoto. Alikuwa mwanamke mstaarabu mwenye viatu ambavyo Tumaini tayari alivijua kutoka dirishani, kwani alikuwa ameupita mlango wetu mara tatu kabla ya kuuona. Alikitazama kitanda, akazitazama soksi, akaandika. Tumaini aliruhusiwa kubaki nami kwa sababu ya umri wake. Upendo hapana. Bi Maureen alinieleza polepole kwamba ningeweza kuwa mlezi wake kisheria, lakini nilihitaji mambo mawili: nyumba yenye chumba cha mtoto, na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu. Hadi hapo mtoto angekaa na familia inayoaminika. Mjomba Gaspari na mkewe, Anti Anjela, ambao hawakujaliwa mtoto, walijitolea siku hiyo hiyo.

"Shibaraku tu, Salome," mjomba alisema, akiwa amesimama katikati ya chumba chetu akiinamisha kichwa kulikwepa lile bomba. "Ukikaa sawa, unamchukua mdogo wako. Barua nitakuandikia mwenyewe. Kwani bosi wako nani?"

Tumaini alikuwa ameketi kitandani, magoti kidevuni. "Shibaraku ni siku ngapi, mjomba?"

"Mtoto wewe una mdomo."

"Nina mdomo na kalenda."

Alicheka. Nami nilimkaripia Tumaini, nikamwambia aombe radhi kwa mjomba wake. Akaomba. Jambo hilo Tumaini hunikumbusha hadi leo kila anaponipigia simu kutoka Edmonton, na ana haki. Upendo aliondoka na begi la shule na kikombe chake cha plastiki cha bluu, ambacho bila hicho hanywi maji. Alipofika juu kwenye njia alipiga magoti dirishani ili atuone, akabusu kioo, ukabaki ukungu wa mdomo wake. Tumaini hakuniruhusu kulifuta dirisha lile mpaka tulipohama.

Kila Jumapili nilikwenda Mississauga, treni kisha basi. Nyumba yao ilikuwa na zulia hata kwenye ngazi, na ilinuka kitu kitamu kama vanila. Anti Anjela alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mpole; sitamsingizia. Alipika makaroni ya kuoka na kuku, maana ugali, alisema, mtoto haupendi. Haupendi tangu lini, nilitaka kuuliza, lakini mgeni hana jiko. Miezi ya mwanzo Upendo alinipokea mbio, "Dada! Dada kaja!", akaning'ang'ania kiunoni na kunisimulia mambo ya shule, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Baadaye nusu ile ikawa robo. Baadaye alikuja hadi katikati ya ngazi, akanipungia mkono. Siku moja nilikiona kikombe cha bluu bafuni kikiwa na miswaki ndani yake.

Na kila Jumatatu, baada ya shikamoo na marahaba, nilimwambia mjomba, "Barua, mjomba." Naye: "Shibaraku." Mwenye jiko amekwenda Osaka. Shibaraku. Karatasi zenye nembo zimekwisha. Shibaraku. Huu ni msimu wa sikukuu, hakuna mtu ofisini. Katikati ya majira ya baridi nilikuwa nimepata nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la kinyozi, mtaa ule ule, na kitanda kidogo cha mitumba ambacho Tumaini alikipaka rangi na kuandika herufi U kwenye ubao wa kichwani. Tulikitandika. Tulizoea kufunga mlango wa chumba kile taratibu, kama vile kuna mtu amelala. Kilichobaki ni barua.

Jumapili moja ya Januari nilikuwa nimeshaaga. Mlango wa mbele ulikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, na pale chini nilikuwa nahangaika na zipu ya buti iliyokwama. Wao walidhani nimetoka.

"Kesho ataniuliza tena," mjomba alisema.

"Mwambie kama unavyomwambia."

"Anjela, msichana kapata nyumba. Yule mama wa ustawi kanipigia simu kazini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu Salome ni kibarua. Tunamwita kazi ikizidi."

Maji ya bomba yalifunguliwa, yakafungwa.

"Si uongo mkubwa," Anti Anjela alisema.

"Lakini mpaka lini?"

"Mpaka mtoto azoee. Mtoto hachukui muda, Gaspari. Akishazoea, hata akiulizwa mwenyewe hatataka kwenda."

"Haya," mjomba alisema. "Shibaraku." Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyechoka mwisho wa siku akakumbuka kichekesho cha kazini. Nimeishi na watu waliotukana, na waliopiga, na hao wengine nimewasahau majina. Kicheko kile sijakisahau. Upendo alikuwa juu chumbani kwake akiimba wimbo wa shule. Ningepiga kelele ningenyimwa hata hizo Jumapili, kwa hiyo nilitoka na zipu wazi, theluji ikiingia ndani ya buti, na nilipofika kituoni mguu mmoja ulikuwa hauna hisia. Nikashukuru kwamba walau kiungo kimoja kimepumzika.

Jumatatu niliingia jikoni, nikavaa aproni, nikampita mjomba pale mezani kwake bila kufungua mdomo. Msomaji aliyelelewa kwetu anajua nilichofanya. Mtoto wa Kiswahili anaweza kumnyima mtu mzima chakula, anaweza hata kumwibia, na bado akamwamkia. Kumnyima shikamoo ni kumwambia kwamba humwoni.

"Salome," akasema. "Hujaniamkia."

"Nitakuamkia, mjomba."

"Lini?"

"Shibaraku."

Niliona rangi ikimtoka usoni kuanzia paji la uso. Alijua kwamba najua. Nikamwambia, mbele ya Bi Sachiko na wanawake watatu waliokuwa wakikata karoti, aandike barua pale pale, kwa mkono, kwenye karatasi yoyote. Akaangalia chini, akasema hayo si mambo ya kuzungumzia jikoni. Bi Sachiko hakuelewa Kiswahili chetu, lakini neno lake alilisikia, na nadhani lilimkera kulisikia mahali pale. Mchana alinivuta kando, nikamweleza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Akakaa kwenye ile stuli, akaandika ukurasa mzima kwa Kijapani, akatoa mkobani muhuri wake mdogo wa jina, akaupiga chini. Nilimpelekea Bi Maureen. Aliigeuza barua huku na huku, akasema kwa huruma kwamba mpishi si mwajiri. Ninayo mpaka leo. Miaka mingi baadaye mtu alinitafsiria: *Msichana huyu anakuja kila siku, hajachelewa hata mara moja. Nimeandika mimi, mpishi.*

Niliacha kazi ile, nikapata nyingine kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na hesabu ya kazi ya kudumu ikaanza upya. Majani yalipoanza kudondoka tena ndipo tuliitwa ofisini sote: mimi na barua yangu mpya, mjomba na tai yake, Anti Anjela, na Upendo aliyekuwa ametimiza miaka saba na kusukwa nywele vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka. Bi Maureen alimuuliza anataka kuishi wapi. Upendo alitazama viatu vyake. Akasema kwa Kiingereza, "Nyumbani." Akaulizwa, nyumbani wapi? Akanyoosha kidole, bila kuinua uso, upande wa Anti Anjela. Sikumlaumu. Wakati mjomba akisaini karatasi, nilisimama karibu yake na kumwambia kwa Kiswahili, taratibu, ili watu waone tunaagana: siku utakaponihitaji, mjomba, utaniita. Hakuinua kichwa, lakini kalamu yake ilisita.

Ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Mimi ni mvumilivu; ni sifa ambayo watu huisifia bila kuuliza inalisha nini. Anti Anjela alitangulia. Mjomba akapelekwa kwenye makao ya wazee, na ugonjwa ukaanza kumla kumbukumbu kuanzia juu, kwenye vitu alivyojifunza mwisho. Kiingereza kilitoka kwanza. Wauguzi wakabaki na mzee anayewaomba maji kwa Kiswahili. Upendo alimtembelea kila wiki, lakini Upendo mwenyewe Kiswahili chake ni cha kusikia, hakifiki kwenye mazungumzo, na mzee alimlilia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ndipo akaanza kunitaja. Salome aje, kuna neno nataka kumwambia. Upendo, akiwa na furaha kwamba sasa mambo yatapoa, alinipigia. Nikamwambia, "Mwambie shibaraku."

"Ndiyo au hapana?"

"Mwambie hivyo hivyo. Ataelewa."

Alielewa. Upendo alinisimulia kwamba aliposikia neno lile alitabasamu, akaomba suti. Kila Jumapili baada ya hapo alivalishwa, akakaa karibu na dirisha la mbele. Kila Jumapili Upendo alipiga simu, na kila Jumapili nilimpa lile lile. Mara moja niliendesha mpaka pale. Niliegesha upande wa pili wa maegesho, nikamwona nyuma ya kioo cha dirisha: suti ya kijivu, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, mikono juu ya magoti, macho kwenye kila gari linaloingia. Alilitazama na langu. Nilikaa kadiri ya muda ambao wali hujituliza, kisha nikawasha gari, nikaenda kununua samaki. Nilimkaanga kwa limau na pilipili, nikamla mzima, mpaka miiba ya shingoni. Sitasema uongo kwamba hakuwa mtamu.

Mazishi nilikwenda. Baada ya ibada kulikuwa na pilau na sambusa kwenye ukumbi wa kanisa, wanaume wakibishana nani amepika pilau kavu, na mama mmoja akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine huja kula tu. Nikamwamkia mama huyo vizuri kabisa. Upendo akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha kutundikia makoti. Tulisimama katikati ya makoti ya watu. Alizungumza Kiingereza, nakiandika kwa lugha yangu.

"Nilikuwa naandika wasifu wake," alisema. "Nikataka kuliweka lile neno lenu. Nikalitafuta kwenye simu nijue tahajia yake. Ni la Kijapani."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ni Kiswahili, dada. Maisha yangu yote. Ni moja ya maneno machache niliyoyashika. Nawaambia wanangu shibaraku wakidai kitu. Nawaambia hiki ni Kiswahili cha bibi yenu."

Nikacheka, maana nilidhani anachekesha. Hakuwa anachekesha.

"Kila ulipoondoka zile Jumapili," alisema, "nilimuuliza utanichukua lini. Alinijibu: dada yako anasema shibaraku. Kila mara. *Dada yako anasema.* Nilidhani ni neno lako. Siku ile ofisini walipouliza nataka kuishi wapi, nilichoka kulingoja."

Miaka yote nilikuwa nimejua kwamba aliniibia barua. Hili la kunitia neno mdomoni sikulijua. Nilitamani afufuke, walau kwa robo saa, nimwendee kwa miguu yangu mwenyewe. Nikamsimulia Upendo yote, pale pale: buti, zipu, bomba la maji, kicheko. Alisikiliza akishika kola ya koti la mtu tusiyemjua. Nilipomaliza nilingoja anikumbatie, kwa sababu sasa anajua nani alimkosea.

"Na wewe ukanipa mimi nimpelekee," alisema. "Mara sitini hivi. Nilikuwa namfunga tai, dada. Kwa mikono yangu."

"Hukujua maana yake kati yangu na yeye."

"Nilikuwa na miaka sita, sikujua. Nina miaka arobaini, sikujua. Nyinyi wawili mlijua."

Nje ya mlango mtu alikuwa anatafuta koti lake. Tukampisha, akalichukua, akatupa pole, akaondoka. Nikafanya nijualo kufanya. Nikamwambia, njoo kwangu Jumapili. Nitapika. Tutakaa, tutasema yote, nitakuonyesha barua ya Bi Sachiko. Utakuja lini?

Alifunga vifungo vyake mpaka cha shingoni. Kisha akanijibu, na jibu lote lilikuwa maneno mawili, bila Kiingereza hata kidogo, kwa lafudhi ya mzee yule yule aliyemlea.

"Shibaraku, dada."

Tangu siku hiyo zimepita Jumapili kumi na moja. Mjomba Gaspari sijamsamehe, na nikiulizwa kama ningemngojesha tena nitasema ndiyo, ila jibu ningempelekea mwenyewe, uso kwa uso, lisipite kwenye mikono ya mtu. Kila Jumapili nachambua mchele wa watu wawili. Ukiiva naufunika, nasimama pale jikoni, naweka kiganja juu ya kifuniko, na saa siitazami.